Figo Nje ya Mwili: Mashine ya Kusafisha Damu, Ilikotoka na Inachohitaji

Watu wengi wakisikia "kiungo cha bandia" hufikiria mguu wa kuvaa au meno ya kubandika. Kipo kiungo kingine cha bandia ambacho wakazi hukipita wanapoenda kumwona mgonjwa katika hospitali ya rufaa, bila kujua kwamba ndicho. Ni ile mashine ya kimo cha kabati dogo, yenye skrini mbele na mipira miwili iliyojaa damu, iliyowekwa kando ya kiti cha mgonjwa katika kitengo cha figo. Hospitalini huitwa mashine ya kusafisha damu, au dayalisisi. Hiyo ni figo. Iko nje ya mwili, inatumia umeme na maji ya mfereji, na watu kadhaa huitumia kwa zamu kila siku, lakini kazi yake ni kazi ya figo.

Kati ya viungo vikuu vya ndani ambavyo wataalamu wamejaribu kuviunda, figo ndiyo ya kwanza kuweza kumweka mgonjwa hai kwa miaka. Leo watu wanaoishi kwa mashine hii duniani wanahesabiwa kwa mamilioni. Moyo wa bandia, ambao huandikwa sana magazetini, haujafika hata karibu na hapo.

Kazi inayoigwa

Mtu mzima ana figo mbili, kila moja kubwa kama ngumi, zilizolala upande wa mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vinavyofikia takriban milioni 1, viitwavyo nefroni. Kwa siku moja figo huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha huyarudisha karibu yote mwilini na kuacha lita 1 au 2 tu zitoke kama mkojo. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, kwa hiyo damu ile ile hupitishwa kwenye chujio mara nyingi kati ya asubuhi na asubuhi ya pili.

Kinachoondolewa ni taka za chakula na za misuli, kama vile yurea na kreatinini, pamoja na maji na chumvi zilizozidi. Chumvi iliyo ya hatari zaidi ni potasiamu. Ikirundikana kwenye damu, moyo huanza kupiga ovyo na unaweza kusimama ghafla. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa huvimba miguu na uso, hutapika, hukosa pumzi kwa sababu ya maji mapafuni, na mwishowe hupoteza fahamu. Hadi miaka 80 hivi iliyopita hakukuwa na daktari popote duniani aliyeweza kufanya lolote zaidi ya kuangalia.

Kijana wa Groningen na ngozi ya soseji

Mwaka 1938, katika hospitali ya chuo kikuu cha Groningen nchini Uholanzi, daktari chipukizi aitwaye Willem Kolff alipewa wagonjwa wanne wa kuwaangalia. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 22, mwana wa wakulima, ambaye figo zake zilikuwa zimeshindwa. Alikufa polepole, akiwa amepoteza uwezo wa kuona na akitapika kila mara. Kolff ndiye aliyelazimika kumweleza mama yake. Hesabu aliyoifanya baadaye ilikuwa rahisi: kama kila siku angeweza kuitoa kwenye damu ya kijana yule yurea kiasi cha gramu 20 hivi, huenda angeishi.

Profesa mmoja wa biokemia chuoni hapo, Robert Brinkman, alimwonyesha selofani, karatasi angavu iliyokuwa ikitumiwa viwandani kufungia soseji. Selofani ina vitundu vidogo mno visivyoonekana. Chembe za damu na protini ni kubwa, hazipiti. Yurea na chumvi ni ndogo, hupita. Kolff alitia damu kidogo yenye yurea ndani ya kipande cha ngozi hiyo ya soseji, akakitumbukiza kwenye maji ya chumvi na kukitikisa. Baada ya nusu saa karibu yurea yote ilikuwa imehamia kwenye maji. Kanuni ya mashine zote za leo ni hiyo hiyo: damu upande mmoja, maji maalum upande wa pili, utando katikati, na taka huhama kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache.

Kabla hajaunda mashine, vita vilifika. Ujerumani iliivamia Uholanzi Mei 1940, na hospitali ya Groningen ikawekwa chini ya mkuu aliyewaunga mkono Wanazi. Kolff alihamia mji mdogo wa Kampen. Vifaa vilikuwa adimu, na alichounda pale kilitokana na vilivyopatikana: pipa la fito, lililozungushiwa takriban mita 20 za mpira wa selofani, beseni kubwa la maji ya chumvi, lililotengenezwa na kiwanda cha vyombo vya bati la rangi kilichokuwa mjini humo, na kiungio kilichoigwa kutoka pampu ya maji ya gari la Ford, ili damu ipite bila kuvuja pipa linapozunguka. Fundi wa jua kali akionyeshwa mchoro wake leo angeuelewa mara moja.

Machi 1943 mashine ilimhudumia mgonjwa wake wa kwanza, mwanamke wa miaka 29. Kila baada ya kusafishwa damu alipata nafuu. Alisafishwa mara 12, kisha akafa. Mashine haikuharibika. Kilichoisha ni mishipa. Wakati huo kila kipindi kilihitaji mshipa wa damu ukatwe na kuingizwa mrija, na ukishatumika haukufaa tena. Mishipa ya mikono na miguu yake ilipokwisha, hapakuwa na mlango wa kuingilia.

Karibu wagonjwa 15 waliofuata wa mwanzo walikufa. Mwezi Septemba 1945, vita vikiwa vimemalizika, aliletwa mwanamke wa miaka 67 aitwaye Sofia Schafstadt kutoka kizuizini, alikowekwa kwa kushirikiana na Wanazi. Wapo watu mjini ambao hawakuona sababu ya kumtibu. Kolff alimtibu. Aliposafishwa damu kwa saa nyingi alizinduka, na inasimuliwa kwamba jambo la kwanza alilolisema ni kuwa anakwenda kumwacha mumewe. Figo zake zilipata muda wa kupona na akaishi miaka kadhaa zaidi. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeokolewa waziwazi na kiungo cha bandia. Baada ya vita Kolff alipeleka mashine zake nchi nyingine, London na New York zikiwemo, bila malipo.

Mlango wa damu

Figo za Schafstadt zilikuwa zimezimia kwa muda tu. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa kabisa anahitaji mashine wiki baada ya wiki maisha yake yote, na tatizo la mishipa lilimfungia njia kwa miaka mingine 15.

Ufumbuzi ulitoka Seattle, Marekani, mwaka 1960. Daktari Belding Scribner aliweka mirija miwili ya kudumu mkononi mwa mgonjwa, mmoja kwenye ateri na mwingine kwenye vena. Mgonjwa akimaliza kipindi, mirija huunganishwa pamoja ili damu iendelee kuzunguka isigande. Mirija ilitengenezwa kwa Teflon, ile ile ya sufuria zisizoshika ugali, kwa sababu damu haishiki juu yake. Mgonjwa wake wa kwanza aliishi miaka 11. Mwaka 1966 madaktari wa New York, Brescia na Cimino pamoja na wenzao, walipata njia bora zaidi isiyohitaji kitu kigeni mwilini: hushona ateri na vena ya mkono pamoja, na baada ya wiki kadhaa vena hunenepa na kuwa imara kiasi cha kudungwa sindano kubwa mara nyingi kwa miaka. Huo mshono huitwa fistula ya mkono. Jina hili huwatisha wengine, hivyo ni vyema kusema wazi kwamba haina uhusiano wowote na fistula ya uzazi, ambayo ni jeraha. Fistula ya mkono hutengenezwa makusudi, na mgonjwa aliye nayo ana bahati kuliko anayetumia mpira wa shingoni au kifuani, kwa kuwa mpira hupata maambukizi kwa urahisi.

Hapa pana jambo ambalo mkazi aliyeambiwa kuwa figo zake zimeanza kudhoofika anapaswa kulijua mapema. Mkono usiotumika kuandika ndio ambao kwa kawaida huwekewa fistula. Mishipa yake isimalizwe kwa kutolewa damu na kutundikiwa dripu. Mgonjwa ana haki ya kumwomba muuguzi atumie mkono mwingine, au mshipa wa nyuma ya kiganja. Fistula ikishawekwa, presha haipimwi kwenye mkono huo, wala haufai kubebea mtungi wa maji.

Nani apewe kiti

Mashine ya Seattle ilipoanza kufanya kazi, swali jipya lilizuka. Kituo kilichofunguliwa huko mwaka 1962 kilikuwa na nafasi chache sana, na wagonjwa walikuwa wengi. Iliundwa kamati ya raia saba, ambao hawakuwa wataalamu wa figo, wachague nani apate nafasi. Walitazama umri, kazi, mapato, watoto, hata mgonjwa kama anaenda kanisani. Gazeti la Life lilipoandika habari hizo Novemba mwaka huo, watu wengi walishtuka. Miaka 10 baadaye, mwaka 1972, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharamia usafishaji wa damu karibu kwa kila raia anayeuhitaji.

Kenya haijawahi kuwa na kamati ya namna hiyo. Umbali na fedha vilifanya kazi yake. Kwa miaka mingi mgonjwa wa figo kutoka kaunti za mbali alilazimika kuhamia Nairobi, Eldoret au Mombasa, akaishi kwa jamaa, au akakaa nyumbani hadi mwisho. Huduma za afya zilipogatuliwa chini ya Katiba ya 2010, na serikali ya kitaifa ikaanza mwaka 2015 mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa kaunti, mashine za kusafisha damu zilifika katika hospitali ambazo hazikuwahi kuwa nazo. Bima ya NHIF ikawa inalipia vipindi viwili kwa wiki. Tangu Oktoba 2024 jukumu hilo liko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo usafishaji wa damu ni miongoni mwa huduma inazolipia.

Hata hivyo bima hulipia kipindi, si safari. Mgonjwa anayetoka kijijini mara mbili au tatu kwa wiki, mara nyingi akiwa na mtu wa kumsindikiza, hubaki na nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea. Zipo familia zilizouza ng'ombe kwa ajili ya nauli ilhali matibabu yenyewe yamelipiwa.

Maji, umeme na saa nne

Kipindi kimoja huchukua kama saa 4. Muda huo wote maji maalum hupita upande wa pili wa utando kwa kasi ya karibu nusu lita kila dakika, yaani lita 120 kwa mgonjwa mmoja, mbali na yale yanayopotea wakati wa kuyasafisha. Kitengo chenye mashine chache tu hutumia maelfu ya lita kila wiki. Maji ya kunywa, hata yaliyochemshwa, hayatoshi. Mtu anapokunywa maji, utumbo wake huchuja mengi. Maji ya mashine hukutana na damu moja kwa moja kupitia utando mwembamba.

Februari 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, kituo kimoja kilitumia maji ya bwawa yaliyoletwa kwa malori bila kusafishwa ipasavyo. Bwawa lilikuwa na mwani wenye sumu. Zaidi ya wagonjwa 50 walikufa kwa kuharibikiwa na ini. Ndiyo sababu kila kitengo cha figo kina chumba cha nyuma chenye matangi, mitambo ya kuchuja na daftari la vipimo vya maji, na ndiyo sababu huduma huweza kusimamishwa siku ambayo maji hayajafikia kiwango hata kama mashine zote ni nzima. Mgonjwa anayeambiwa asubiri siku hiyo ana haki ya kukasirika, lakini mhandisi aliyefunga mfereji amefanya lililo sahihi.

Mgonjwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki hupata saa 8 za figo kati ya saa 168. Kwa saa 160 zilizobaki hana figo kabisa. Hapo ndipo masharti ya chakula yanapotoka, na familia nyingi huyaona kama ukali usio na sababu. Maji ya dafu, ndizi, parachichi na viazi vina potasiamu nyingi. Vinavyomjenga mtu mzima vinaweza kumsimamisha moyo mgonjwa huyu usiku wa kuamkia kipindi chake. Viazi hukatwa vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo kumwagwa. Maji ya kunywa na chai hupimwa kwa kikombe. Kukosa kipindi kimoja kwa sababu ya mazishi au mvua kukata barabara si jambo la kuahirisha tu. Inafaa kitengo kipigiwe simu siku hiyo hiyo.

Tena mashine huiga sehemu tu ya kazi. Figo halisi hutoa homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu, na huiandaa vitamini D kwa ajili ya mifupa. Mashine haiwezi. Sindano za kuongeza damu na vidonge vya mifupa huziba pengo hilo kwa kiasi. Kwa anayefaa kufanyiwa, figo ya kupandikizwa kutoka kwa ndugu ni bora kuliko mashine, na upasuaji huo hufanywa nchini, zikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Moi mjini Eldoret. Sheria ya Afya ya 2017 imepiga marufuku kuuza au kununua kiungo cha mwili.

Viungo vingine vilipofikia

Kolff alihamia Marekani mwaka 1950 na kuanza kuunda moyo. Mwaka 1957 yeye na Tetsuzo Akutsu walimwekea mbwa moyo wa bandia, akaishi kama saa moja na nusu. Desemba 1982, chuoni Utah alikokuwa akiongoza kazi hiyo, daktari wa meno mstaafu Barney Clark aliwekewa moyo uitwao Jarvik-7. Aliishi siku 112, akiwa amefungwa kwa mirija kwenye mtambo mkubwa wa hewa. Leo pampu ndogo zinazousaidia moyo dhaifu huwaweka wagonjwa wengi hai kwa miaka, betri zikiwa kiunoni. Moyo kamili wa titani uitwao BiVACOR, wenye sehemu moja tu inayozunguka, iliyoelea kwa sumaku, uliwekwa kwa mtu kwa mara ya kwanza Houston mwaka 2024. Mgonjwa mmoja wa Australia aliishi nao zaidi ya siku 100, akatoka nao hospitalini, kisha akapata moyo wa mtu.

Ini ndilo gumu zaidi, kwa kuwa hutengeneza mamia ya vitu, si kuchuja tu. Kuhusu figo, watafiti wa San Francisco na Nashville wanaunda figo ndogo ya kupachikwa mwilini, yenye chujio la silikoni na chembe hai, isiyohitaji umeme. Bado haijawekwa kwa mgonjwa. Machi 2024 madaktari wa Boston walimpandikizia mtu aliye hai figo ya nguruwe aliyebadilishwa chembe za urithi. Aliishi karibu miezi miwili. Yeyote anayewauzia wakazi habari kwamba figo ya kupachikwa iko tayari, na ananadi dawa au nafasi ya kuipata, anadanganya.

Kabla ya kufikia mashine

Figo hazilii zinapoumia. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake bila kuhisi lolote, na wengi hufika hospitalini wakiwa tayari wamevimba. Vyanzo vikuu ni kisukari na shinikizo la damu, na vyote hupimwa kijijini: wahamasishaji wa afya ya jamii wana mashine za presha na za sukari katika mikoba yao. Mwenye mojawapo ya magonjwa hayo aombe angalau mara moja kwa mwaka vipimo viwili, protini katika mkojo na kreatinini katika damu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani na kumezwa kwa miezi, huziharibu figo. Hivyo pia baadhi ya mitishamba isiyojulikana kilichomo.

Usajili wa SHA hufanywa kwa kupiga *147# au kupitia kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa ambaye tayari yuko kwenye mashine na anahitaji kusafiri aarifu kitengo chake mapema, apewe barua yenye vipimo vyake, uzito wake mkavu na hali ya fistula yake, ili kitengo cha kaunti anayokwenda kimtafutie nafasi kabla hajapanda gari.